Hadithi za tauni kwa vijana: juu ya kitabu cha kijiji cha Eyam

Kati ya vitabu vinavyoandikwa huko Ulaya na Marekani kwa vijana wa miaka 13 hata 18, kuna fungu moja linalotaka tuliangalie kwa makini, nalo ni hadithi za zamani zenye kusimulia nyakati za tauni na za maradhi mengine makali. Mwandishi anachagua mji uliopigwa kweli na ugonjwa, anachagua mwaka unaojulikana, anaweka ndani yake msichana au mvulana aliyembuni mwenyewe, kisha anamwacha aone na aseme. Kazi hiyo inaonekana nyepesi. Si nyepesi hata kidogo, kwani vifo vya watu wengi vinamdanganya mwandishi: vinampa machozi ya wasomaji bila yeye kuyatolea jasho. Weka mtoto kitandani, weka mama anayelia, piga kengele ya kanisa, na kijana wa miaka 14 atalia. Lakini moshi mwingi jikoni si alama ya chakula kitamu.

Tunataka kusema hapa juu ya kitabu kimoja cha fungu hilo ambacho tunakihesabu kuwa kizuri kupita vingi, nacho ni A Parcel of Patterns, cha Bibi Jill Paton Walsh, Mwingereza, kilichotoka mwaka 1983. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1937, akalelewa katika jamaa ya Kikatoliki, akafundisha shuleni mbele ya kuanza kazi ya kuandika, akafa mwaka 2020. Kitabu si kipya, basi. Lakini walimu wa Kiingereza katika seminari zetu ndogo wanauliza kila mwaka ni kitabu gani wawape wanafunzi, na tena maneno yaliyo ndani ya kitabu hiki yanawahusu sana watu wanaojitayarisha kuwa wachungaji wa roho. Tutaona kwa sababu gani.

Kwanza habari zenyewe, kusudi msomaji ajue mwandishi alikuta nini na alibuni nini.

Eyam ni kijiji cha milimani katika jimbo la Derbyshire, katikati ya Uingereza. Mwaka 1665 tauni ilikuwa ikiua watu kwa maelfu mjini London, mbali na kijiji hicho. Watu wanasimulia kwamba mwisho wa mwezi wa nane mwaka huo mzigo wa vitambaa ulifika kutoka London kwa fundi wa nguo. Msaidizi wake, jina lake George Viccars, aliukuta una unyevu, akaufungua na kuutandaza mbele ya moto ukauke. Tarehe 7 mwezi wa tisa alizikwa. Baada yake wakafuata watu wa nyumba ile, kisha majirani. Wakati wa baridi ugonjwa ulipungua lakini haukuisha, na joto la mwaka 1666 lilipoanza, ukaamka kwa nguvu.

Hapo wanaingia wachungaji wawili. Wa kwanza ni William Mompesson, mchungaji wa Kianglikani, kijana asiyefika miaka 30, aliyefika Eyam mwaka 1664 pamoja na mkewe Catherine na watoto wao wawili wadogo. Wa pili ni Thomas Stanley, Mpuritani, mtu mzima, aliyekuwa mchungaji wa watu hao hao mbele yake na ambaye alinyimwa kazi kwa sababu ya sheria ya mwaka 1662 iliyowalazimisha wachungaji wote kufuata kitabu kimoja cha sala. Wanakijiji wengi walikuwa bado na Stanley moyoni. Watu wawili hao hawakuwa na sababu ya kupendana. Lakini mwezi wa sita mwaka 1666 walisimama pamoja mbele ya watu, wakaleta mashauri matatu: kila jamaa izike wafu wake yenyewe karibu na nyumba yake, ibada zifanyike nje, katika bonde liitwalo Cucklet Delf, watu wakisimama mbali mbali, tena mtu yeyote asivuke mpaka wa kijiji, wala wa kutoka wala wa kuingia, hata ugonjwa uishe. Watu walikubali. Bwana mkubwa wa eneo lile, Earl wa Devonshire, akatuma vyakula, navyo viliachwa mpakani. Kwenye jiwe la mpaka yalikuwako matundu, na ndani yake watu waliweka fedha katika siki kusudi isipeleke ugonjwa.

Watu kama 260 walikufa. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alizika mumewe na watoto wake sita katika siku nane za mwezi wa nane, peke yake, kwa mikono yake. Catherine Mompesson, aliyekataa kuondoka, alikufa mwishoni mwa mwezi ule ule. Wa mwisho alikufa tarehe 1 mwezi wa kumi na moja. Hesabu ya zamani ilisema kijiji kilikuwa na watu 350. Watafiti wa siku zetu wanaona walikuwa wengi zaidi, labda 700 na kupita, hivi kwamba sehemu ya waliokufa si robo tatu kama ilivyosemwa, bali ni nusu au chini yake. Hata hivyo ni msiba usiosemeka. Tena jambo moja ni hakika: vijiji vya jirani vilipona.

Haya ndiyo aliyoyakuta Bibi Paton Walsh. Aliyoyabuni ni Mall Percival, msichana wa Eyam, anayeandika habari zote baada ya kupona, na Thomas Torre, mchungaji wa kondoo wa kijiji cha jirani, ambaye Mall anampenda. Tena aligeuza kidogo ule mzigo wa fundi: katika kitabu chake ni mifano ya kukatia nguo za mtindo mpya iliyoagizwa London, na ndiyo iliyokipa kitabu jina lake. Hata mambo ya mapenzi hakuyatoa hewani, kwani wenyeji wa Eyam wanasimulia tangu zamani juu ya msichana Emmott Sydall na mchumba wake Rowland Torre wa nje ya kijiji, waliokuwa wakitazamana kwa mbali bondeni hata siku moja msichana hakuonekana tena.

Mwandishi mvivu angaliridhika na hayo: wachumba wawili, mpaka katikati, kifo mwishoni. Bibi Paton Walsh aliona jambo jingine. Aliona kwamba habari yote ya Eyam ni habari ya watu wanaoamua kwa ajili ya wengine. Kijiji kinaamua kwa ajili ya vijiji vya jirani, ambavyo havikuulizwa wala havikuomba. Wachungaji wanaamua kwa ajili ya kijiji, ambacho kiliulizwa, lakini kiliulizwa na watu waliozoea kutiiwa. Na Mall anaamua kwa ajili ya Thomas. Uamuzi wa kwanza ulifaulu. Wa pili, hata leo watu wanabishana juu yake. Wa tatu ulishindwa vibaya, na kushindwa kwake ndiko moyo wa kitabu.

Tueleze. Mall anajua kwamba Thomas hatavumilia kukaa nje akijua mpenzi wake yumo ndani ya moto. Anaogopa kwamba siku moja atavuka mpaka, aambukizwe, afe. Basi anafanya hesabu ya upendo: anaagiza Thomas aambiwe kwamba Mall amekufa. Akisikia hivyo, atalia, atakaa kwake, atapona, siku moja ataoa mwingine. Lakini Thomas, aliposikia kwamba amekufa, hakuona tena sababu ya kujilinda. Akavuka mpaka, akaingia kijijini. Na huko akamkuta Mall ni mzima. Wakaoana. Kisha Thomas akafa, na Mall akapona.

Baadhi ya wasomaji, hasa waliokwisha kujifunza maadili, watasema upesi: tazama, hii ni adhabu ya uongo. Mtakatifu Agustino aliandika vitabu viwili juu ya uongo, na katika vyote viwili alikataa hata uongo wa kumwokoa mtu. Mall alidanganya, Mall akavuna. Sisi hatukisomi kitabu hivyo, na tunafikiri anayekisoma hivyo anakipunguza. Mwandishi hakumweka Thomas njiani kusudi uongo upate kiboko chake. Alimweka kwa sababu Mall, pamoja na upendo wake wote, alikosa hesabu moja: alihesabu uhai wa Thomas, hakuhesabu Thomas. Alifikiri kwamba kumpenda mtu ni kumwekea maisha yake mahali salama, kama mtu anayeweka fedha sandukuni, bila kumwuliza kama anataka kuishi hivyo. Hata kama angalitumia njia isiyo ya uongo, kwa mfano kuwaomba watu wa kijiji chake wamfunge ndani, kosa lingalikuwa lile lile. Uongo ni nguo tu ya kosa hilo, ingawa ni nguo mbaya.

Baada ya kuelewa hayo kwa Mall, msomaji analazimika kurudi kwa wachungaji wawili na kuwatazama upya. Hapa ndipo kitabu kinapozidi vitabu vingine vingi vilivyoandikwa juu ya Eyam, kwani kwa muda mrefu, hasa tangu karne ya 19, habari hii ilisimuliwa kama habari ya mashujaa: mchungaji mwema alisema, kondoo walisikia, wakafa kwa utukufu. Mall hasemi hivyo. Alikuwa miongoni mwa kondoo. Anawaheshimu wachungaji wote wawili, hata pengine kwa haki inayopita umri wake, lakini anahesabu gharama nyumba kwa nyumba, jina kwa jina, na hamwachi msomaji asahau kwamba waliokubali katika mwezi wa sita hawakujua watakavyolipa katika mwezi wa nane.

Kuna jambo la historia ambalo msomaji anapaswa kulijua anapopima uamuzi ule. Mbele ya mpaka kufungwa, Mompesson alikuwa ameondoa watoto wake wawili, akawapeleka mbali na ugonjwa. Mkewe alibaki, akafa. Yeye mwenyewe alibaki, akaingia nyumba za wagonjwa, na barua alizoandika miezi ile, ambazo zimehifadhiwa, si barua za mtu aliyejificha. Hatumwiti mnafiki. Baba anayeokoa watoto wake amefanya jambo la baba. Lakini Elizabeth Hancock naye alikuwa mama, na watoto wake sita walikuwa ndani ya mpaka. Mchungaji anayewaambia watu «kaeni» akiwa watoto wake wamekwisha kutoka, neno lake lina ufa, hata kama mwili wake umebaki pamoja nao. Tunafikiri seminarista asome habari hii polepole. Si kwa kumhukumu mtu aliyekufa zamani, bali kwa kujua kwamba neno la mchungaji linapimwa na watu kwa mizani ya vitu alivyoondoa mbele ya kusema.

Mtu ataleta hapa ulinganifu na mapadri wa hadithi nyingine ya tauni, ile ya Manzoni, I Promessi Sposi, iliyotoka kwanza mwaka 1827, kisha ikarekebishwa na mwandishi mwenyewe na kutolewa tena tangu 1840. Huko Milano, tauni ya mwaka 1630, tunaona Padre Cristoforo, Mkapusini, akitumikia katika lazareto hata kufa; tena tunaona Don Abbondio, paroko mwoga, ambaye hofu yake inatuchekesha hata tunaona haya kwa kuwa tumecheka. Manzoni alikuwa na nyuma yake mfano wa Mtakatifu Karolo Borromeo, askofu aliyebaki mjini wakati wa tauni ya mwaka 1576 huku wakubwa wa serikali wakitoka. Lakini tuangalie tofauti. Cristoforo anaingia yeye mwenyewe mahali pa ugonjwa. Hamwamuru mwingine abaki humo. Ushujaa wake ni safi kwa sababu ni wake peke yake. Mompesson na Stanley walitwikwa mzigo mgumu zaidi, na Manzoni, pamoja na ukubwa wake wote, hakumtwika padri wake mzigo huo. Katika jambo hilo moja tu, kitabu kidogo cha vijana kimegusa mahali ambapo kitabu kikubwa hakikugusa. (Juu ya La Peste ya Camus, ya mwaka 1947, ambayo wengi wetu tuliisoma katika masomo ya Kifransa, hatusemi kitu leo: siyo hadithi ya zamani, wala haikuandikwa kwa vijana, ingawa wanapewa.)

Swali linabaki: je, uamuzi wa wachungaji ulikuwa sawa? Mall hawezi kulijibu, kwani hajui kitu ambacho sisi tunakijua. Mdudu wa tauni alionekana mara ya kwanza mwaka 1894, huko Hong Kong, kwa kazi ya Alexandre Yersin. Na mwaka 1898 Paul-Louis Simond alionyesha huko Karachi kwamba viroboto wa panya ndio wanaopeleka ugonjwa kwa watu. Kwa sababu hiyo wengine walisema kwamba kufunga watu kijijini pamoja na panya na viroboto kuliwaua wengi ambao wangalipona kama wangalitawanyika. Lakini mwaka 2016 wachunguzi wawili, Lilith Whittles na Xavier Didelot, walirudia orodha za vifo vya Eyam na kuzihesabu upya, wakakata kauli kwamba karibu robo tatu ya maambukizo yalitoka kwa mtu hata kwa mtu, si kwa panya. Kama ni hivyo, mpaka ule ulikuwa na maana kubwa kwa jirani. Na kwa wale wa ndani, hatari ilikuwa katika nyumba zao wenyewe, katika mkono wa mama anayemnywesha mtoto. Wataalamu hawajamaliza kubishana. Mwalimu awaambie wanafunzi mambo haya baada ya kusoma kitabu, si mbele, kusudi wasikae kitini juu ya Mall kama mahakimu wenye elimu.

Wala wanafunzi wetu wasidhani tauni ni neno la makumbusho. Katika nchi yetu, upande wa Ituri, kuelekea Mahagi na Djugu, ugonjwa huo huo haujatoweka. Unarudi mara kwa mara, ingawa dawa za kuuponya zipo zikitolewa mapema. Mtoto wa kule akisoma juu ya George Viccars hatauliza kama jambo hilo lilitukia kweli.

Kwa kupima kitabu vizuri tukiweke karibu na kingine cha fungu lile lile, kinachojulikana zaidi katika shule za Marekani: Fever 1793, cha Bibi Laurie Halse Anderson, kilichotoka mwaka 2000. Ugonjwa wake si tauni yenyewe bali homa ya manjano, iliyoingia Philadelphia mwaka 1793, wakati wakimbizi wa Saint-Domingue walipokuwa wakifika bandarini. Watu kama 5.000 walikufa katika mji wenye watu karibu 50.000, na wengi sana walikimbia, hata wakubwa wa serikali. Mattie Cook, msichana wa miaka 14, anaishi na mama yake na babu yake katika nyumba ya kuuzia kahawa. Mama anaugua, Mattie anatoka mjini, anaugua naye, anarudi, babu anakufa usiku wevi walipoingia, na kadhalika. Matukio yanafuatana mbio mbio, msomaji hapati nafasi ya kuchoka.

Kitabu hicho kina kurasa nzuri sana, na ni zile za Eliza, mwanamke mweusi huru, mpishi wa nyumba ile, anayewahudumia wagonjwa pamoja na chama cha watu weusi kilichoitwa Free African Society. Hapo mwandishi amegusa historia ya kweli, na kwetu ni ya uchungu. Daktari Benjamin Rush aliwaomba Richard Allen na Absalom Jones, viongozi wa watu weusi mjini, wawatume watu wao kuuguza na kuzika, kwani aliamini kwamba watu weusi hawashikwi na homa ile. Haikuwa kweli. Walishikwa, wakafa kama wengine. Kisha, hatari ilipopita, mchapishaji Mathew Carey akaandika kwamba baadhi yao waliiba na kutoza fedha nyingi mno. Nao Jones na Allen wakamjibu kwa kitabu chao mwaka 1794. Hapa pia kuna mtu anayeamua kwa ajili ya wengine nani abaki karibu na kifo, tena kwa sababu isiyo ya kweli. Kama Bibi Anderson angalimweka Eliza katikati ya hadithi badala ya kumweka pembeni, angalitupa kitabu kikubwa.

Badala yake, homa imekuwa shule ya Mattie. Mwanzoni ni mvivu wa kuamka. Mwishoni anaongoza biashara ya kahawa, na Eliza ni mshiriki wake. Maradhi yamemkomaza. Tunajua kwamba vitabu vya vijana vinapenda njia hiyo, na walimu pia wanaipenda, kwani inaonekana ina mafaa. Lakini tunauliza: wale watu 5.000 walikufa kusudi msichana mmoja ajifunze kuamka mapema? Mwandishi hasemi hivyo, ni kweli, tena anawaheshimu wafu. Lakini muundo wa hadithi yake unasema hivyo bila yeye kutaka. Wafu wamekuwa ngazi. Katika kitabu cha Eyam wafu si ngazi ya mtu. Mall hakui mbele yetu kama mti uliopaliliwa. Anabaki tu, na anaandika.

Sifa hizo zisifiche kasoro. Ya kwanza ni lugha. Mwandishi alitaka Mall aseme kama mtu wa karne ya 17, na amefaulu. Sikio la Mwingereza litafurahi. Lakini mwanafunzi wa Bukavu au wa Kalemie, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu au ya nne, atajikwaa karibu kila ukurasa kwa neno ambalo kamusi yake ndogo haina. Si dhambi ya mwandishi, lakini ni mzigo wa mwalimu. Ya pili ni kwamba ugomvi wa Mpuritani na Mwanglikani, uliotawala maisha ya kijiji kile, hauelezwi kwa mtu asiyeujua. Mwandishi aliandikia watoto wa nchi yake. Wetu watadhani Stanley na Mompesson wanagombea cheo tu. Ya tatu ni nzito zaidi. Kwa kuwa tunaona kila kitu kwa macho ya Mall, hatuingii kamwe moyoni mwa Mompesson usiku ule alipoamua. Tunamwona akitoka na neno lililokwisha kukomaa. Mwandishi alichagua hivyo kwa haki yake, kwani msichana wa kijiji hawezi kujua yanayopita katika chumba cha mchungaji. Lakini sisi tunaojifunza kazi hiyo tulikuwa na njaa ya usiku ule, na kitabu kimetuacha na njaa.

Mtu anaweza kuuliza pia kama inafaa kuwapa vijana hadithi ambamo sala nyingi zinasaliwa na watu wanakufa vivyo hivyo. Tunajibu kwamba inafaa. Kijana aliyekwisha kufika miaka 16 katika nchi yetu amekwisha kuona maiti wa mtu aliyeombewa. Kitabu kinachomficha jambo hilo hakitamlinda. Kitamfanya tu akiamini kitabu kidogo na kuamini macho yake zaidi.

Kwa walimu, basi, shauri letu ni kukitumia katika mwaka wa tano au wa sita wa sekondari, si mbele, pamoja na ramani ya Derbyshire ubaoni na nusu saa ya maelezo juu ya sheria ya 1662. Wasome kwanza mpaka mahali wachungaji wawili wanaposimama pamoja mbele ya watu, wafunge kitabu hapo. Kila mmoja aandike katika karatasi, bila jina, kama angalibaki au angaliondoka, na kama angalimwambia ndugu yake mdogo abaki. Karatasi zikusanywe, zisisomwe. Halafu waendelee na kitabu hata mwisho, ndipo karatasi zifunguliwe.